Maswali na Majibu: Simu, Ujumbe wa Sauti na Faksi kwa Biashara Ndogo

Swali: Tuko wafanyakazi watatu. Tuchukue laini ya mezani ya waya au simu inayopitia intaneti?

Kwa ofisi ya ukubwa huo, simu ya intaneti ndiyo nafuu mara nyingi, kwa kuwa namba moja inaweza kuita kwa watu wote watatu bila kuvuta waya mpya. Wengi wanaogopa kasi ya intaneti, ilhali simu moja inayotumia kiwango cha G.711, yaani njia ya kugeuza sauti kuwa data inayolinda ubora wake, hutumia takriban kilobiti 87 kwa sekunde kwenda na kiasi hichohicho kurudi, hivyo watu watatu wakizungumza kwa wakati mmoja hawafikishi kilobiti 300 kwa kila upande. Kinachoharibu mazungumzo ni mtandao usiotulia. Mapendekezo ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, ni kwamba sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kutoka kwa msemaji hadi kwa msikilizaji, kwa hiyo ijaribuni huduma hiyo saa ambazo kompyuta zenu zote zinafanya kazi, wala si asubuhi na mapema ofisi ikiwa tupu.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalitaji mapema. Simu ya waya wa shaba hupata umeme kutoka kituo cha simu chenyewe, ndiyo maana huendelea kulia hata umeme wa jengo ukikatika. Simu ya intaneti huzimika pamoja na ruta. Nunueni betri ya akiba ya ruta, na mwombeni mtoa huduma aelekeze simu kwenye namba ya mkononi kila mtandao unapopotea.

Swali: Kampuni mbili zimenipa bei ileile kwa dakika. Nitatofautishaje?

Uliza wanavyohesabu muda, kwa sababu hapo ndipo bei mbili zinazofanana huachana. Tuseme kwa siku unapiga simu 40 fupi, kila moja ya sekunde 20, za kuthibitisha oda tu. Anayehesabu kwa sekunde atakutoza sekunde 800, yaani dakika 13 na sekunde 20; anayepandisha kila simu hadi dakika kamili atakutoza dakika 40, mara tatu ya muda uliozungumza. Biashara yenye mazungumzo marefu haitaiona tofauti hiyo, lakini yenye simu fupifupi itaumia kila mwezi. Chukua orodha ya simu zako za mwezi uliopita, uzihesabu kwa njia zote mbili kabla ya kutia saini. Kazi hiyo ni ya nusu saa, na nisingependa mtu yeyote aiache.

Swali: Nikihama kampuni, namba yangu itapotea?

Katika nchi nyingi unaruhusiwa kuhama na namba yako, lakini utaratibu una mtego mmoja: usifunge huduma ya zamani kwanza. Laini ikishafungwa, namba inaweza kurudi kwa kampuni na kugawiwa mtu mwingine. Wasilisha ombi kwa kampuni mpya, subiri namba ianze kuita huko, ndipo uifunge ya zamani. Hakikisha pia kwamba mkataba umeandikwa kwa jina la biashara yako, wala si la fundi aliyekuunganishia.

Swali: Ujumbe wa sauti una faida gani, wakati watu hukata simu tu?

Hukata kwa sababu wanakutana na sauti ya mashine isiyowaambia wamempigia nani. Rekodi salamu yako mwenyewe isiyozidi sekunde 20, ukitaja jina la biashara, saa za kazi, na muda ambao utakuwa umempigia anayekutafuta. Kisha uitimize ahadi hiyo, kwa maana mteja aliyeacha ujumbe amekuamini. Chagua huduma inayotuma rekodi kwenye barua pepe, ili ujumbe usikae siku tatu bila kusikilizwa. Uliza sanduku linabeba jumbe ngapi, kwani likijaa hukataa mpya, nawe hutajua aliyekukosa.

Swali: Bado kuna haja ya kununua mashine ya faksi?

Kama hakuna mteja wala ofisi inayokudai faksi, au nukushi kama wengine wanavyoiita, usiitafute. Kama wapo, na katika shughuli za tiba na sheria bado wapo katika nchi kadhaa, usichomeke mashine ya zamani kwenye simu ya intaneti ukidhani itafanya kazi vilevile. Kipande cha sauti kikipotea njiani, sikio la binadamu hujazia maana. Mashine ya faksi hupoteza mstari wa ukurasa au hukata kabisa. Kwa ajili hiyo kiliwekwa mwaka 1998 kiwango cha T.38, cha kupitisha faksi kwenye intaneti, na mtoa huduma asiyeweza kukujibu kama anakitumia asikuuzie laini ya faksi.

Kwa kurasa chache kwa mwezi, faksi ya mtandaoni hutosha: inayoingia hufika kwenye barua pepe kama faili ya PDF, nawe hutuma kwa njia hiyohiyo. Angalia kama kurasa unazopokea zinahesabiwa pamoja na unazotuma.

Swali: Nimesikia watu hutozwa simu ambazo hawakupiga. Inawezekanaje?

Wezi hubahatisha nenosiri la mtambo wa simu, kisha hupiga namba za ng'ambo zenye gharama kubwa usiku au mwishoni mwa wiki, wakati hakuna anayetazama. Badilisha nenosiri la kiwandani siku ya kwanza, pamoja na namba ya siri ya ujumbe wa sauti. Funga simu za nje ya nchi kama huzihitaji, na umtake mtoa huduma aweke kikomo cha matumizi ya siku, kwa maandishi.