Jibu: Nibebe nini kwenye boti ndogo ya kwenda kisiwa cha Mbudya?

Salaam ndugu. Umesema boti ni ya faiba, mita 5, mashine moja, unatoka Msasani na watoto wako kwenda Mbudya, na nafasi ni finyu.

Kabla ya kununua chochote, toa kamba ya nanga uipime. Mimi mashine ilinizimikia njiani, petroli ina maji. Nikatupa nanga, kamba ikaning'inia bila kugusa chini, na bamvua (maji makuu) likatuvuta kuelekea mwambani. Kamba iwe mara 5 hadi 7 ya kina, na mnyororo mita chache ili nanga ilale ishike.

Jaketi za kuokolea maisha za watoto ziwe na mkanda wa kupita kati ya miguu. Mvike mtoto, mnyanyue kwa mabega ya jaketi. Likimpanda masikioni, halifai kabisa.

Kwenye ndoo moja yenye mfuniko tia plagi mbili za mashine na spana yake, filta ya petroli, tochi, filimbi. Ndoo hiyohiyo ndiyo upo wako wa kutolea maji botini. Makasia mawili, maji ya kunywa. Ukipata redio ya VHF (ya mawasiliano baharini), dharura ni chaneli 16. Na msimu wa kusi (upepo wa kusini) ongeza petroli, maana kurudi Msasani unapingana na upepo.