Kabla hujatupa ganda la ndizi porini

Wasafiri wengi siku hizi hawahitaji kuambiwa wasitupe chupa za plastiki. Hilo limeeleweka, angalau mdomoni. Kinachonisumbua ni yale tunayoyafanya kwa nia njema kabisa, tukidhani hayana madhara.

Chukua maganda ya matunda. Kila nikipanda mlima na kundi, hakosekani wa kusema, "Liache tu, litaoza." Huko juu kwenye baridi na ukavu, kuoza kunachukua muda mrefu sana. Nimeokota maganda ya machungwa pembeni mwa njia yakiwa yamekakamaa kama soli ya kiatu, na chini yake mengine. Na kabla hayajaoza yanaita wanyama. Nyani akishazoea kwamba palipo na mtu pana chakula, hasubiri kupewa, ananyang'anya. Mwisho wa siku mkorofi anaitwa yeye, na pengine hata kuuawa. Mimi hubeba mfuko wa kufunga, taka zangu zote humo, maganda yakiwemo. Harufu? Ipo. Utaizoea.

Baharini ni matumbawe. Watu huyakanyaga kwa sababu yanafanana na mawe, kumbe ni viumbe hai, na aina nyingine hukua chini ya sentimita moja kwa mwaka. Mafuta ya kujikinga na jua nayo yana lawama: tangu 2021, Hawaii imepiga marufuku kuuza yenye oksibenzoni na oktinoksati, kemikali zinazolaumiwa kwa kudhuru matumbawe. Njia rahisi ni kuogelea na fulana ya mikono mirefu. Utapaka mafuta usoni tu.

Sasa lile ambalo waongoza watalii wengi huona haya kulitaja: haja. Pasipo na choo, sogea angalau mita 60 kutoka kwenye maji, chimba shimo la sentimita 15 hadi 20, kisha ufukie. Karatasi rudi nayo. Sabuni pia isiingie mtoni, hata kama imeandikwa kwamba haidhuru mazingira. Chota maji, ukaogee mbali.

Na ukiwa na mafua, usiende kuwaona gorila wala sokwe. Tunawaambukiza, na kwao mafua yetu yanaweza kuua. Najua inauma ukiwa umeshalipia. Mpigie mwongozaji mara tu unapoanza kukohoa, umuulize kama tarehe inaweza kusogezwa. Usingoje asubuhi ya safari.