Hadi diski yangu inalala Muheza

Masika ya mwaka juzi chumba changu cha Makorora, hapa Tanga, kilivuja usiku. Bati lilikuwa limeliwa na kutu, na chumvi ya bahari yetu mnaijua. Maji yakachuruzika ukutani mpaka kwenye begi nililoliegemeza pale. Ndani ya begi mlikuwa na kompyuta mpakato. Mfuko wa pembeni, hadi diski (hard disk, kile kifaa cha kuhifadhia faili) yenye nakala ya kila kilichomo kwenye kompyuta hiyo. Na nilikuwa najiona mtu makini! Asubuhi nilipoliinamisha, yalitoka maji ya rangi ya chai. Fundi wa Ngamiani alihangaika siku tatu, akaambulia faili chache zisizo na kazi.

Simu ilipona, nikajifariji. Mwaka haukuisha nayo ikazima moja kwa moja. Kuweka WhatsApp kwenye simu mpya, naambiwa nakala ya mwisho ina miezi saba. Sauti za marehemu baba, zile za "umekula?" za kila jioni, zote zilikuwa ndani ya hiyo miezi saba.

Sababu ilikuwa ya kijinga. Google inakupa GB 15 za bure, lakini ni kapu moja: barua pepe, faili na, tangu Juni 1, 2021, kila picha mpya unayopandisha. Siku hizi hata nakala ya WhatsApp ya simu za Android inaingia humohumo. Kapu langu lilijaa, tangazo likawa linakuja, nami nalifuta kama meseji za bahati nasibu. Kweli, WhatsApp hujiwekea nakala kila siku saa nane usiku, ila hiyo inakaa ndani ya simu yenyewe, na simu ikifa inakufa nayo.

Basi fungua mipangilio ya gumzo leo, utazame tarehe ya nakala ya mwisho. Ikiwa ya zamani, ondoa video kwenye nakala, maana ndizo zinazojaza kapu na kumaliza bando. Halafu usidhani picha iliyopanda Google ni ya kufuta ovyo kwenye programu ya Google Photos: ukiifuta humo, na kule juu inafutika, inakaa kwenye pipa la taka siku 60, basi. Neno la siri liandike kwenye daftari la nyumbani. Na laini unayotumiwa namba za uthibitisho iwe yako, si ya shemeji.

Hadi diski mpya nimeipeleka kwa shangazi, Muheza. Kila sikukuu nakwenda na nyingine, tunabadilishana, na kabla sijaondoka nafungua picha mbili tatu kwenye kompyuta ya binamu nione kama zinasomeka. Mara ya mwisho niliikuta katikati ya kanga za shangazi, imefungwa mfuko wa nailoni, na kikaratasi juu: "Za mwanangu. Msiguse."