Barua ya kuitwa kwenye juri Marekani: soma hii kabla hujaitupa

Mkuu, swali lako nimelisoma: umeapishwa uraia juzijuzi, barua ya mahakama ya kukuita kwenye juri (kundi la raia wa kawaida wanaosikiliza kesi na kuamua) imefika, kazi yako inalipwa kwa saa, Kiingereza chako kina lafudhi, na kuna rafiki kakuambia uitupe tu kwa kuwa "hawafuatilii". Nami ni raia wa hapa wa kuapishwa. Nimekaa kwenye juri la kesi ya jinai mpaka uamuzi ukasomwa, kwa hiyo nakujibu kwa niliyoyaona na niliyoyasoma baadaye.

Usiitupe. Hiyo ni amri ya mahakama. Kwa mahakama za shirikisho, yaani za serikali kuu ya Marekani na si za jimbo, mtu aliyekaidi bila sababu ya maana anaweza kutozwa faini hadi dola 1,000, kufungwa hadi siku 3, kupewa kazi za kijamii, au vyote kwa pamoja. Majimbo yana adhabu zao. Tazama juu ya barua imetoka mahakama gani, ya kaunti au ya shirikisho, kisha jaza fomu ya maswali kwa wakati. Kama tarehe imekaa vibaya, omba isogezwe. Ukiomba mapema, mahakama nyingi hukubali mara ya kwanza bila maneno mengi. Halafu mtu akikupigia simu eti "ulikosa juri, polisi wako njiani, lipa sasa hivi", kata simu. Huyo ni tapeli, mahakama haidai faini kwa njia hiyo.

Hapa naomba wenye grini kadi (kibali cha ukaazi wa kudumu, si uraia) wanaopita wanisikilize vizuri. Majina huchotwa kwenye daftari la wapiga kura, na sehemu nyingi huongeza orodha ya leseni za udereva, ndiyo maana barua huwafikia hata wasio raia. Ukiipata, usikae kimya na usiende kukaa kwenye juri. Jibu fomu, weka alama kwamba si raia, tuma. Kudai uraia wakati huna, hata kwenye kikaratasi kama hicho, kunaweza kukuharibia safari yote ya uhamiaji mpaka kuondolewa nchini. Sijui jambo jingine dogo kwenye fomu lenye gharama kubwa kiasi hicho.

Masharti kwa mahakama za shirikisho: uwe raia, umri usiopungua miaka 18, umeishi kwenye eneo la mahakama hiyo mwaka mzima, unajua Kiingereza cha kutosha kufuatilia kesi na kujaza fomu, na huna kosa kubwa la jinai linalokuzuia. Lafudhi haimo. Kwenye juri letu kulikuwa na watu wawili waliokulia nje ya nchi, na hakuna aliyetuuliza habari ya matamshi. Ila kama kweli huelewi mtu akizungumza haraka, mwambie jaji waziwazi. Uhuru wa mtu uko mezani.

Pesa ni ndogo, tusidanganyane. Mahakama za shirikisho hulipa dola 50 kwa siku. California hulipa dola 15, tena kuanzia siku ya pili. Texas walipandisha mwaka 2023, sasa ni dola 20 siku ya kwanza na 58 kwa siku zinazofuata. Mwajiri haruhusiwi kukufukuza kwa sababu umeitwa kwenye juri la shirikisho, na majimbo nayo yana sheria za kukulinda, lakini sehemu nyingi halazimiki kukulipa mshahara wa siku hizo. Mpelekee nakala ya barua mapema, na ukimaliza omba mahakamani hati ya kuthibitisha kwamba ulihudhuria. Kama kukosa ujira kutakufanya ushindwe kodi ya nyumba, liseme hilo mbele ya jaji. Ugumu wa maisha ni sababu inayosikilizwa, ingawa si kila mara inakubaliwa.

Siku yenyewe, sehemu kubwa ni kungoja. Mtakaa ukumbini, majina yataitwa kwa makundi, halafu mtaingizwa mbele ya jaji na mawakili kwa ajili ya kuchujwa. Wataulizwa watu kama wamewahi kuibiwa, kama wana ndugu polisi, kama wanamfahamu shahidi yeyote. Jibu ukweli mtupu hata kama unaona aibu, na ukitaka kusema jambo mbali na masikio ya watu, omba. Mtu anaweza kuondolewa kwa sababu inayoeleweka, mfano ana upendeleo. Vilevile kila upande una idadi fulani ya watu wa kuwakataa bila kueleza. Lakini tangu mwaka 1986, Mahakama Kuu ya Marekani ilipoamua kesi ya Batson, mwendesha mashtaka haruhusiwi kumkataa mtu kwa rangi yake, na baadaye katazo hilo likawafikia mawakili wa utetezi pia. Ukikataliwa usinune. Mara nyingi hutajua sababu.

Wengi wetu tumekulia na picha ya wazee wa baraza, wanaotoa maoni ambayo hayamfungi jaji. Kenya hata hao waliondolewa kisheria mwaka 2007. Hapa raia ndio wanaoamua hatia. Jaji anasimamia sheria na, kwa makosa mengi, ndiye anayepanga adhabu. Nyinyi mkisema mshtakiwa hana hatia, imekwisha, upande wa mashtaka hauna rufaa. Mzigo huo niliuhisi siku ya kwanza tulipoambiwa tusimame tuape.

Kesi yetu ilihusu kuvunja ghala na kukutwa na mali ya wizi. Kamera ilionyesha mtu mwenye kofia ya koti iliyofunika uso. Shahidi alisema umbo linafanana na la mshtakiwa. Baadhi ya mali zilikutwa kwenye gari lake, na ilithibitishwa kwamba alijua si zake. Mshtakiwa mwenyewe hakupanda kizimbani kujieleza.

Chumbani, la mwisho hilo ndilo lililotuchelewesha. Mwenzetu mmoja alishikilia kwamba mtu asiye na hatia angezungumza. Nilimwelewa, maana nasi tumelelewa kwamba kunyamaza ni kukubali. Lakini jaji alikuwa ametuambia tusiutumie ukimya wake dhidi yake, kwa sababu Katiba inampa haki ya kunyamaza na mzigo wa kuthibitisha uko kwa serikali. Mama mmoja mstaafu alichukua karatasi za maelekezo ya jaji akazisoma tena kwa sauti, sentensi kwa sentensi. Mabishano yakapoa, tukaanza kuuliza kila shtaka peke yake: ushahidi upi unathibitisha kipengele kipi?

Usiingie na swali la "mimi nadhani alifanya?" Wengi wetu tulidhani alivunja. Swali ni kama serikali imethibitisha bila kuacha shaka ya msingi, na mtu asiyeonekana uso, mwenye umbo la nusu ya wanaume wa mji, hakutosha. Kwenye mali ya wizi ushahidi ulitosha. Tukamwona hana hatia kwa shtaka la kwanza, ana hatia kwa la pili. Kuna waliotoka wamekasirika, nami sikulala vizuri, ila bado naona tulifanya kazi tuliyopewa.

Kesi za madai kipimo chake ni chepesi zaidi: upande upi una ushahidi wenye uzito zaidi, hata kwa kidogo. Usichanganye.

Kwa makosa makubwa ya jinai, uamuzi lazima uwe wa wote, na tangu Mahakama Kuu ilipoamua kesi ya Ramos mwaka 2020 hilo linabana majimbo yote. Kwa hiyo mtu mmoja ana nguvu. Badili msimamo ukishawishika, usibadili kwa sababu ni Ijumaa na watu wanataka kwenda kwao. Mkishindwa kabisa kuafikiana, jaji anaweza kuvunja shauri na likaanza upya na juri jingine.

Simu iache. Usitafute jina la mshtakiwa mtandaoni, usiende kutazama eneo la tukio, usimsimulie mwenzi wako kesi ikiendelea. Kinachohesabika ni kilichotolewa mahakamani, ambacho pande zote mbili zimepata nafasi ya kukipinga. Mtu mmoja akileta lake la Google, kesi nzima inaweza kufutwa. Ukimwona mwenzako anafanya hivyo, mwandikie jaji kikaratasi kupitia karani. Na ukisikia mwanajuri anasema wazi kwamba mshtakiwa ana hatia kwa sababu ya kabila au rangi yake, usilifiche hilo: tangu mwaka 2017, katika kesi ya Peña-Rodriguez, siri ya chumba cha juri haimlindi mtu wa namna hiyo.

Uamuzi ukishasomwa na mkiruhusiwa kuondoka, mawakili wanaweza kukufuata mlangoni kukuuliza mlichofikiria. Isipokuwa jaji ameagiza vingine, kuzungumza au kutozungumza ni hiari yako. Mimi niliwajibu mawili matatu kuhusu ile picha ya kamera, nikaenda zangu.