Maji ya lambo, klorini na amiba isiyoisha

Dada pole sana aisee. Umesema huko Manyoni mnachota lambo, unatia vidonge vya klorini kila siku na bado mtoto karudi na amiba, unauliza kama vidonge ni feki. Mi sidhani. Klorini inaua vizuri bakteria kama wa kipindupindu ila amiba na giadia (vijidudu vya tumbo vinavyoharisha) wakiwa kwenye ganda lao wanaistahimili, halafu maji yenyewe ya tope, dawa nyingi inaishia humo humo kwenye tope.

Acha yatulie kwenye ndoo usiku kucha, asubuhi mimina taratibu yale ya juu tu upitishe kwenye khanga safi iliyokunjwa, alafu chemsha, yakishatokota kweli kweli dakika moja inatosha usimalize kuni bure. Ile ya kuanika chupa angavu juani masaa 6 inasaidia kama maji ni meupe, ila kwa amiba moto ndo wa uhakika. Na ukishachemsha weka kwenye ndoo ya koki yenye mfuniko, maana kile kikombe cha kila mtu kuchovya na vidole ndani ndo kinarudisha mchezo wote.

Hizo dawa za minyoo za shuleni (albendazole) usizitegemee, amiba sio mnyoo. Mpeleke zahanati apimwe choo kwanza, usimnunulie flajili (dawa ya amiba) dukani kwa kubahatisha dozi. Akiharisha damu au macho yakianza kuingia ndani, usisubiri kesho.