Maswali ya Wasomaji: Dagaa Huenda Wapi Wakati wa Mbalamwezi?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mchuuzi wa dagaa mjini Kigoma. Kila mwezi, siku za mbalamwezi mitumbwi hulala ufukweni na bei hupanda. Je, samaki hawa huhamia wapi?

JIBU: Ndugu msomaji, hawahami, wamo humohumo ziwani, ila hawakusanyiki. Mchana dagaa hushuka kwenye giza la kina, ambako migebuka, samaki wakubwa wanaowala dagaa na kuwinda kwa macho, hawawaoni kwa urahisi, na usiku hupanda karibu na uso wa maji wakiwafuata vijidudu wanaoelea, ambao ndio chakula chao. Usiku wa giza, karabai au taa ya sola iliyoning'inizwa ubavuni mwa mtumbwi huwavuta vijidudu hao pamoja na dagaa wenyewe, mpaka maji yakameremeta kama sarafu zilizomwagwa. Mwezi ukiangaza ziwa zima, taa hiyo hupoteza mvuto wake. (Kwa biashara yako, ni heri kukausha akiba giza lingalipo.)

Hata hivyo, kushuka kwao kuna mpaka. Ziwa Tanganyika lina kina cha takriban mita 1,470, lakini oksijeni huishia kati ya mita 100 na 200 hivi. Mizoga na mabaki yanayozama chini ya hapo hubaki na rutuba yake huko, hadi upepo wa kusi, kuanzia Mei hadi Septemba, unaposukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na ya chini yakapanda upande wa Zambia.