Barua kwa mwanangu anayetaka unesi

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa kitako. Unauliza: "Mama, nina miaka 24 na kibanda cha miamala hakinipeleki popote. Kwa matokeo yangu ya Form Four naweza kuwa nesi aliyesajiliwa kama wewe? Nianzie cheti au diploma?"

Unaweza. Matokeo yako nimeyatoa kabatini: Bailojia C, Kemia D, Fizikia D, Kiswahili B, Kiingereza D, Hesabu F. Kwa diploma ya uuguzi na ukunga wanataka ufaulu wa kuanzia D katika masomo manne yasiyo ya dini, na humo lazima ziwemo Kemia, Bailojia na Fizikia. Ile Fizikia uliyoililia ndiyo imekubeba. Hesabu na Kiingereza ni nyongeza ya kukusogeza mbele waombaji wakiwa wengi.

Masomo ni miaka 3, kila mwaka ngazi moja ya NTA, yaani tuzo za taifa za elimu ya ufundi: ya 4, ya 5 na ya 6. Anayeishia ya 5 anatoka na cheti; anayemaliza ya 6 ana diploma, na serikalini anaajiriwa kama Afisa Muuguzi Msaidizi. Mimi nilianzia cheti kwa sababu babu yako alikuwa na ada ya hapo tu. Nilikuja kurudi chuoni wewe ukiwa darasa la tatu, nikakuacha kwa bibi, na nadhani unakumbuka ulivyokataa kuniaga pale stendi. Kwa hiyo ushauri wangu una upendeleo: ada ikipatikana, maliza zote tatu kwa mkupuo.

Kabla hujatoa hata shilingi ya fomu, fungua kitabu cha mwongozo wa udahili cha NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi Tanzania, tafuta jina la chuo, kisha uone kama kozi yenyewe imeandikwa hapo pamoja na ada yake. Binamu yako alifuata tangazo lililobandikwa kwenye nguzo ya umeme. Alipofika mwaka wa pili ndipo tukajua kozi ile haikuwa na ithibati. Mkuu wa chuo alitupokea vizuri, akatuagizia na soda. Ada haikurudi.

Kuhusu mkopo, Bodi ya Mikopo ilianza mwaka wa masomo 2023/2024 kuwakopesha wa diploma kwenye fani chache, afya ikiwemo. Ila masharti yao huangalia pia mwaka uliomaliza shule, na wewe umekaa mtaani. Yasome mwenyewe. Tupange ada kana kwamba mkopo haupo.

Sasa hiyo F. Chuoni haikuzuii kuingia, lakini wodini itakufuata. Nikiwa mwanafunzi, sista wa zamu alinikabidhi dripu ya mililita 500 ipite kwa saa 4. Seti ile hutoa matone 20 kwa mililita moja. Piga: matone 10,000 kwa dakika 240, ni kama matone 42 kwa dakika. Mimi nilifungulia kwa kukadiria, nikaenda kutandika vitanda. Sista akarudi, akasimama chini ya chupa ameshika saa yake, midomo inahesabu, akasokota kile kigurudumu taratibu mpaka matone yakatulia. Hakunifokea. Alinipa saa, akaniambia nihesabu dakika nzima kwa sauti, mgonjwa akinitazama. Anza leo kujikumbusha kuzidisha na kugawanya, bila simu.

Na usishangae sapu, ule mtihani wa marudio, ya anatomia. Karibu wote tuliipata.

Ukimaliza chuo bado hujawa nesi. Kuna mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, halafu usajili, halafu leseni, na leseni yenyewe inahuishwa kwa kuonyesha kwamba unaendelea na mafunzo kazini. Wapo waliotundika joho ukutani na leseni hawana, wanachoma watu sindano kwenye vyumba vya uani. Hao sheria ikiwakuta sitasikitika.

Umri usikusumbue. Darasani kwetu alikuwepo mama wa watoto wanne, na leba ndiye tuliyekuwa tukimkimbilia.

Jambo moja la haraka. Nimekuta cheti chako cha kuzaliwa wameandika jina la babu yako kwa "l", na cheti cha Form Four kwa "r". Wiki hii nenda kwa wakili ukaape kiapo cha majina, maana dirisha la maombi likifunguka hakuna atakayekusikiliza. Hela ya wakili nakutumia jioni, usiigeuze floti.

Mama yako